Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho chuo kikuu cha umma kikongwe kuliko vyote Tanzania. Kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika 20 waliosomea katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka uliofuata kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Sifa zake huelezwa mara nyingi kwa kutaja wahitimu walioshika urais: Yoweri Museveni, Jakaya Kikwete, John Magufuli. Hao ni wahitimu wake kweli, ila cheo cha mhitimu hakitufunulii chuo kiligundua nini. Fahari yake kubwa iko katika utafiti: hapa kumbukumbu za wazee wa vijijini na lugha ya watu wa kawaida zilipewa hadhi ya ushahidi wa kitaaluma, wakati ambapo vyuo vingi bado vilitegemea majalada ya wakoloni.

Ushahidi ulio wazi kabisa unatoka Idara ya Historia. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, dhidi ya utawala wa Wajerumani, vilikuwa vimeandikwa zaidi na maofisa na wamisionari wa Kijerumani, na sauti za waliopigana zilikuwa zinazikwa pamoja nao. Mwaka 1968 wanafunzi walitumwa kusini mwa nchi kuwahoji wazee waliokuwa wakivikumbuka vita hivyo, na masimulizi yao yakalinganishwa na nyaraka. John Iliffe na Gilbert Gwassa walikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichoanzia kwa wenyeji badala ya kuanzia kwa wageni, na mwaka huohuo Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile, tamthilia kuhusu vita hivyo vya Maji Maji. Utafiti ulikuwa umevuka ukuta wa idara na kufika jukwaani, kwa Kiswahili, jambo ambalo ni nadra kwa chuo chochote.

Wapo wanaosema kazi hiyo ilikuwa ya wageni: Terence Ranger, aliyeiongoza idara miaka ya mwanzo, na Iliffe walitoka Uingereza, Walter Rodney alitoka Guyana. Mchango wao haukanushiki. Lakini mgeni asingeweza kukusanya masimulizi hayo bila wanafunzi waliozijua lugha za wazee, wala Kimambo hakuhitaji kuazima macho ya mtu mwingine alipoandika historia ya siasa ya Wapare. Na wageni wenyewe walibadilishwa na jiji walilolikuta. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake hapa. Kitabu cha Rodney cha 1972, kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kiliandikwa katikati ya mijadala ya ukombozi iliyokuwa jijini humo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba siasa ilikimeza chuo. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani wanafunzi wapatao 400 walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1970 jarida la wanafunzi, Cheche, lilipigwa marufuku. Hayo yaliumiza, na hayafai kupambwa. Hata hivyo yanathibitisha kinyume cha madai: jarida la chuo kilichomezwa halipigwi marufuku. Mwanasheria Issa Shivji alitumia kurasa za Cheche kuhoji kama sera ya ujamaa ilikuwa kweli imewapa wafanyakazi madaraka, naye aliihoji kwa uchambuzi wa uchumi, si kwa matusi.

Kwa upande wa lugha, kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili iliingizwa chuoni mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ni zao lake. Mwandishi wa habari, mwalimu na mfasiri wa Afrika Mashariki nzima wameitegemea. 

Pingamizi moja linabaki na nguvu yake. Sheria, uhandisi na sayansi bado hufundishwa Mlimani kwa Kiingereza, ingawa Idara ya Kiswahili, tangu 1970, imeonyesha kwamba isimu na fasihi hufundishika kwa Kiswahili hadi ngazi ya juu. Sera ya nchi ina lawama yake, lakini taasisi iliyotunga kamusi na kuunda istilahi haiwezi kudai kwamba maneno yamekosekana.