Sauti Juu ya Picha: Uhakiki wa Filamu katika Vibanda vya Nairobi

Wanahistoria wa uhakiki wa Kiswahili aghalabu huanzia kwenye maandishi. Kwa upande wa filamu, desturi hiyo inapotosha. Katika Lucky Summer, mtaa wa kaskazini-mashariki mwa Nairobi ulio jirani na Baba Dogo na Korogocho, kama katika Eastlands kwa jumla, mpenzi wa filamu hakungoja gazeti limwamulie. Aliingia katika kibanda cha video, akaketi kwenye benchi, na uhakiki akaupokea papo hapo, ukisemwa juu ya filamu yenyewe.

Asili ya usemi huo ni ya zamani. Jaribio la filamu za elimu lililoendeshwa Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937 lilitengeneza filamu ambazo maelezo yake yalirekodiwa kwenye santuri, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizotumika. Baadaye magari ya sinema ya serikali yalibeba msemaji na kipaza sauti. Msemaji huyo alikuwa sauti ya dola, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hadhira haielewi vingine.

DJ Afro, ambaye rekodi zake zilienea vibandani na katika matatu miaka ya 2000, alirithi kipaza sauti hicho na kuigeuza kazi yake. Wahusika wa Hong Kong, Mumbai na Hollywood hupewa majina na tabia za Kenya. Mazungumzo hayafasiriwi sentensi kwa sentensi. Msuko ukilegea, msimulizi huucheka. Risasi zikimkosa steringi, hadhira hukumbushwa kwamba steringi hafi. Kauli hiyo ni hukumu juu ya kaida ya utanzu, na Wanaumbuji wa Urusi wangeitambua mara moja kuwa ni ufichuaji wa mbinu. (Hawakulipa kiingilio kibandani, lakini hilo si kosa lao.)

Dar es Salaam ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Matthias Krings, katika kitabu chake cha 2015, anauchukulia usimulizi wa Lufufu, ukiwemo ule wa filamu ya Titanic, kuwa kazi inayostahili kuchambuliwa kwa haki yake yenyewe. Idara za fasihi zimesita kumfuata. Pingamizi kwamba huku ni kuiharibu tafsiri lina uzito iwapo tafsiri ndiyo iliyokusudiwa. Fanani wa kibandani hakuiahidi.

Pingamizi la sheria ni zito zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humwachia mwenye kazi haki ya kuifasiri, hivyo maktaba haina njia nyepesi ya kuzihifadhi rekodi hizi. Sahani zilizouzwa kando ya barabara zinakwaruzika. Baadhi ya rekodi zimo YouTube, ambako mwenye hakimiliki aweza kudai zifutwe wakati wowote.