Bango la Ukutani ni Ahadi

Sikukuu ya muziki haianzi siku ngoma zinapolia. Huanza siku bango linapobandikwa ukutani na wapita njia wakasimama kulitazama. Hapa Mususa, Butembo, nani asiyeyajua mabango hayo? Lakini yalitoka wapi?

Hapo kale, katika mji wa Munich, Ujerumani, alikaa mtu jina lake Alois Senefelder. Alitunga michezo ya kuigiza, lakini hakuwa na fedha za kuipiga chapa. Mwaka 1796, kama alivyosimulia mwenyewe, mama yake alimwomba aandike upesi hesabu ya nguo za dobi. Karatasi haikuwapo, akaandika juu ya jiwe kwa wino wa mafuta. Basi, jiwe lile likampa fikira. Mwaka ule ule akapiga chapa nyimbo za rafiki yake Gleissner, na kufika 1798 alikuwa ameipata njia kamili. Mafuta na maji hayapatani: jiwe likiloweshwa, wino hushika palipochorwa tu. Kumbe, kazi ya kwanza ya mawe yake ilikuwa muziki!

Huko Paris, Jules Chéret akaiendeleza kazi hiyo. Mwaka 1858 alichora bango la rangi la mchezo wa nyimbo wa Offenbach. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake. Naye alifahamu kwamba mpita njia hana nafasi ya kusoma kitabu: picha moja kubwa na maneno machache yatosha.

Sasa turudi Kongo. Mwaka 1974 ulimwengu ulitangaziwa mambo mawili ya Kinshasa: sikukuu ya muziki, na pigano la ngumi la Ali na Foreman tarehe 25 Septemba. Foreman akapasuka juu ya jicho katika mazoezi, na pigano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Lakini muziki ulishika siku zake, 22 hadi 24 Septemba. Franco, Miriam Makeba na James Brown waliimba katika uwanja ambao leo una jina la Tata Raphaël, padre mmisionari aliyewapenda vijana. Wageni waliotazamiwa kutoka ng'ambo hawakufika wengi.

Karibu nasi, Goma, Sikukuu ya Amani ilipangwa kufanyika mwaka 2013. Vita ikaizuia. Waliotangaza hawakukata tamaa. Wakatangaza tena, na watu wakaimba pamoja Februari 2014.

Nasi tuna kosa letu la kuungama. Tulipochora bango la sikukuu ya kwaya, tuliandika yote kwa Kifaransa, kwa herufi ndogo za madaha. Mama mmoja wa sokoni akatuuliza: "Wanangu, hapa mnamwita nani?" Tuliona haya. Tukachora upya kwa Kiswahili na Kinande: siku, saa, mahali na kiingilio. Mama yule alikuja, tena na jirani zake.

Nabii Habakuki naye aliagizwa kuandika waziwazi, ili msomaji asome mbio. Enyi vijana wa parokia, fanyeni vivyo hivyo. Msiandike jina la mwimbaji ambaye hajakubali kuja. Siku ikibadilika, ondoeni bango la zamani mbele ya kubandika jipya, maana katika nchi yetu mtu hutembea mbali, pengine kwa hatari, kwa kuliamini neno aliloliona ukutani. Ahadi ni deni.