Wadhamini wa Mali ya Waislamu: Habari za Kasese na Bwera

Uislamu katika nchi hii iliyo chini ya mlima Rwenzori haukuja siku moja, wala haukupita mlango mmoja. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome huko Katwe, penye ziwa la chumvi, kisha akaweka askari wa Kisudani, wengi wao Waislamu, katika ngome za Toro. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, walikuja watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawaunganisha. Bwera nayo, iliyo jirani na mpaka wa Kongo, imezoea tangu zamani wageni wa biashara.

Mgeni wa namna hiyo hutafuta kwanza mahali pa kusali. Mtu mwema humpa kiwanja kwa kauli ya mdomo, mbele ya mashahidi wawili watatu, na wote humwombea kheri. Miaka thelathini ikipita, mtoaji amefariki, mashahidi wamefariki, na wajukuu wamesimama mlangoni wakidai urithi wao. Mimi nimeyashuhudia haya kwa macho yangu. Wajukuu wale hawakuwa wezi. Hakuna aliyepata kuwaonyesha karatasi.

Jambo hili lilikwisha kupatiwa dawa zamani. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaibar, Mtume (s.a.w.) alimshauri alizuie shamba lenyewe na kuyatoa mazao yake sadaka: lisiuzwe, lisitolewe zawadi, wala lisirithiwe. Msimamizi aliruhusiwa kula humo kwa wastani, bila kujilimbikizia. Naye Umar alimwusia usimamizi huo bintiye, Bibi Hafsa. (Wale wasemao kwamba wanawake hawana nafasi katika baraza la wadhamini na walitafakari hilo.)

Sheria ya Uganda ya mwaka 1939 juu ya kusajili wadhamini yakaribiana na hayo. Wadhamini wakiisha kupata cheti huwa kama mtu mmoja asiyekufa: wana muhuri wao, waweza kushitaki na kushitakiwa, na ardhi huandikwa kwa jina la baraza. Mdhamini akifa, mwingine hushika mahali pake, na hati haibadiliki.

Lakini cheti hakilindi mali peke yake. Lilipoundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda mwaka 1972, swali liliongezeka uzito: kiwanja ni cha wasalio hapo, ama cha Kampala? Kwa hiyo yapasa wadhamini waandike nia ya mtoaji angali hai, waipande miti ya mpakani mbele ya majirani, watenge fedha za kodi ya vyumba na zile za sadaka, wasomee jamaa hesabu hadharani. Wala asiuze mmoja wao hata pembe ya kiwanja kwa siri, ijapokuwa deni linawabana. Muhuri na ukae kwa mtu mmoja, na hati kwa mwingine.