Mkuzo si sauti

Mwaka 1984 bendi ya Grateful Dead ya Marekani ilianza kutenga eneo maalumu, nyuma ya meza ya mitambo, kwa mashabiki waliotaka kurekodi matamasha yake. Hawakuwa na uwezo wowote juu ya wanamuziki wala spika. Walichokuwa nacho ni maikrofoni, kinasa sauti na kitufe cha kuzungusha, cha kuamua mawimbi yaingie kwa nguvu kiasi gani.

Kwenye mashine za leo kitufe hicho huitwa geini. Ukilitafuta neno hilo katika kamusi utapata “faida” au “pato”, maana zinazofaa dukani. Wengine husema “sauti” tu, na hapo ndipo rekodi nyingi huharibikia.

Maikrofoni hutoa umeme mdogo sana, wa milivolti chache. Kikuza-awali huuongeza kabla haujanaswa. Kila desibeli 20 huzidisha volti mara 10. Desibeli 40, mara 100. Kiwango kinachofaa mazungumzo ya mezani hakifai mbele ya spika za tamasha, ambako sauti hufika desibeli 110: vilele vya mawimbi hugonga dari ya uwezo wa kinasa na kukatwa, na sauti inapasuka. Kuiteremsha baadaye hakusaidii. Kilichokatwa hakipo tena.

Kwa hiyo geini inahitaji jina lake. “Mkuzo” linafaa: kaza imezaa mkazo, vuta imezaa mvuto, na kuza nayo izae mkuzo. “Sauti” ibaki kwa kile anachoongeza au kupunguza msikilizaji.

Neno la pili ni akiba, yaani nafasi inayoachwa kati ya kilele na dari. Wanamuziki hupiga kwa nguvu zaidi ukumbi ukijaa kuliko wakati wa majaribio, hivyo ni busara kuacha vilele desibeli 12 hivi chini ya sifuri, yaani chini ya dari hiyo. Kinasa cha biti 24 kinaruhusu hilo bila hofu ya mvumo: kinadharia upana wake kati ya mvumo na dari ni desibeli 144, ilhali wa biti 16 ni 96. Mkuzo ukiwa chini kabisa na taa nyekundu ya kuonya kwamba dari imegongwa bado inawaka, iwashwe swichi ya kipunguzi, inayopunguza mawimbi yanayoingia.

Ngoma zinapolipuka, mwanafunzi wa kurekodi akiambiwa “punguza sauti” hushika kitufe cha hedifoni; masikio yake hupata nafuu huku rekodi ikiendelea kupasuka. Akiambiwa “punguza mkuzo”, mkono wake huenda kwenye kikuza-awali.