Kijiweni Productions: Miaka 10, filamu chache, hadi Toronto

Wakati Bongo Movie nyingi zilitengenezwa haraka na kuuzwa kwenye DVD, Kijiweni Productions ya Dar es Salaam, chini ya mwongozaji Amil Shivji, iliamua kwenda mdogo mdogo. Kazi zake kuu ni hizi:

2013: Shoeshine. Filamu fupi kuhusu mpiga kiwi wa mtaani Dar.

2014: Samaki Mchangani. Nayo ni fupi.

2017: T-Junction. Filamu ndefu ya kwanza ya Shivji. Fatima na Maria wanakutana hospitali na kuwa marafiki. Ndiyo iliyofungua tamasha la ZIFF, Zanzibar, mwaka huo.

2021: Vuta N'Kuvute. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Yasmin anakimbia ndoa ya kulazimishwa, anakutana na Denge, mpigania uhuru, Zanzibar ya miaka ya 1950. Ilioneshwa tamasha la Toronto, Kanada.

2022: Tanzania iliipeleka filamu hiyo kuwania Oscar, ya pili baada ya Maangamizi ya 2001. Haikuteuliwa, lakini jina lilisikika.

Tatizo limebaki nyumbani. Kijana wa Kibaha au Kisarawe aliyesoma Kiswahili kidato cha tano na sita huenda anawajua Yasmin na Denge kwenye kitabu. Kuwaona kwenye skrini kubwa, kama ile ya Mlimani City, ni nauli ya kwenda Dar na kurudi, bado tiketi.