Sinema ya Simba na Daftari la Mlangoni

Wazee wetu walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twataka kuipima methali hiyo kwa kitu ambacho wengi hukidhani kuwa mchezo wa watoto tu, yaani sinema ya michoro. Huenda msikilizaji wetu wa Mawengi, katika milima ya Ludewa, akauliza: Mchezo wa watoto una daftari gani? Unalo, tena kubwa. Na ndani yake mna maneno ya lugha yetu wenyewe.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Katika sinema ya michoro hapana mchezaji anayepigwa picha. Wachoraji huchora sura moja baada ya moja, kila sura ikitofautiana kidogo na iliyotangulia, na mashine huzionyesha upesi, picha 24 kwa sekunde moja, hata jicho likadanganyika na kuona mnyama anakimbia. Kazi hiyo hula miaka mingi na fedha nyingi. Fedha hurudi mlangoni: kila aingiaye hununua tiketi, tiketi huhesabiwa, na jumla yake hutangazwa. Kwa jumla hiyo watu husema sinema hii imefaulu, au ile imeanguka.

Mwaka 1937 Walt Disney wa Marekani alimaliza sinema ndefu ya michoro, hadithi ya Snow White, binti mfalme aliyekaa na vibete saba. Watu wa kazi yake walimcheka kwa kutumia karibu dola milioni moja na nusu. Lakini watazamaji walijaa milangoni, na fedha zilizopatikana zilizidi gharama mara nyingi. Mwaka 1940 akatoa nyingine, Pinocchio, iliyosifiwa sana kwa ustadi wake. Hiyo haikuweza hapo kwanza kurudisha gharama zake. Je, ustadi ulipungua? La, hasha. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeyafunga masoko ya Ulaya. Basi twajifunza jambo hili: daftari la mlangoni halihesabu mapenzi ya watu, lahesabu milango iliyo wazi.

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwaka 1991 mafundi wa kampuni hiyo hiyo ya Disney walisafiri hadi Kenya, wakatembea katika Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, wakiangalia magenge, nyika na wanyama. Hadithi waliyoitengeneza ikavishwa majina ya Kiswahili. Mwana wa mfalme aitwa Simba; mzee mwenye hekima aitwa Rafiki; ngiri aitwa Pumbaa; fisi mmoja aitwa Shenzi; na mama yake Simba aitwa Sarabi, ndilo neno la mazigazi, yale maji ya uongo yaonekanayo mbali wakati wa jua kali. Tena katika wimbo mmoja wakatia maneno mawili: hakuna matata.

Sinema hiyo, The Lion King, ilitoka Juni 1994. Gharama yake ilikuwa kama dola milioni 45. Hata ilipokwisha kuzunguka dunia kwa mara ya kwanza, ilikuwa imeingiza kama dola milioni 763, karibu mara 17 ya gharama. Hapana sinema ya mwaka ule iliyoipita duniani kote, wala hapana ya michoro iliyoipita mpaka mwaka 2003. Kanda zake za video, zilizoanza kuuzwa mwaka 1995, zilipita milioni 30.

Katika hesabu hiyo, sehemu yetu ni ipi? Ni kidogo mno. Si kwamba hatukujua sinema. Majestic ya Unguja, na Empire, Avalon na Odeon za Dar es Salaam, zilikuwa na watazamaji wengi katika siku zake. Lakini katika miaka ya 1980 kanda za video zilienea, na majumba yakafungwa moja baada ya moja. Mwaka ule ule wa 1994 ndipo televisheni ilipoanza Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Kwa hiyo Simba hakutujia kwa mlango wa tiketi. Alitujia kwa kanda, na nyingi zilinakiliwa bila ruhusa. Watoto walimtazama sebuleni kwa jirani, au katika vile vibanda tuviitavyo vibanda umiza, wakimlipa mwenye kibanda sarafu chache. Walicheka na kulia kama watoto wa Marekani, lakini hakuna aliyewahesabu.

Wala tusijisifu kwa hayo. Anakiliye kazi ya mtu bila ruhusa humdhulumu mwenye kazi. Lakini yatupasa kutazama upande wa pili pia. Mwaka 1994 kampuni iliomba maneno hakuna matata yaandikwe kuwa alama yake ya biashara ya nguo huko Marekani, na mwaka 2003 yakaandikwa. Mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi kuyapinga. Kampuni ilijibu kwamba alama hiyo haimzuii mtu kuyasema, na kwa sheria ni kweli. Hata hivyo, Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wameyaimba mwaka 1982, kabla Simba yule hajachorwa. Wao waliokuwa na daftari waliandika. Sisi wenye lugha hatukuandika.

Mwaka 2019 hadithi hiyo ilitengenezwa upya kwa kompyuta, ikaingiza zaidi ya dola bilioni moja na milioni 600. Safari hii majumba mapya ya Dar es Salaam na Nairobi yalikuwako, na tiketi zake zilihesabiwa. Ni mlango mmoja uliofunguka; lakini hadithi iliyouzwa humo bado haikuwa yetu.

Twamaliza kwa kurudi Mawengi. Kijiji hicho pamoja na Lupande na Madunda hupata umeme kwa nguvu ya maji ya milima yao, na watumiaji wakaunda chama, LUMAMA, kwa herufi za kwanza za vijiji vyao. Maji yale yalishuka tangu kale. Yalipotiwa mtambo na hesabu, yakawa taa. Hadithi za bibi zetu, za sungura na fisi, ni kama maji hayo. Zashuka kila usiku mbele ya moto, na asubuhi zimekwisha kupita. Basi mwanafunzi na achukue daftari, aandike hadithi aliyoisikia, na jina la aliyeisimulia, na kijiji, na tarehe. Asiogope kwamba ni kazi ndogo. Mali hiyo ikishaandikwa, atakayeichukua kesho atajua imetoka kwa nani.