Tiba ya Bega Linaloteguka Mara kwa Mara

Kati ya viungo vikubwa vya mwili, bega ndilo linaloteguka zaidi. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, ilhali kikombe kinachokipokea ni kidogo na hakina kina. Kulirudisha mahali pake ni ujuzi wa kale. Maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na Hippocrates yanaeleza njia kadhaa, mojawapo ya mgonjwa kulazwa chali, tabibu akamkalia kando, akaweka kisigino kwapani mwake na kuuvuta mkono.

Kazi ngumu ilikuwa bega lililozoea kutoka. Kwa hilo maandishi hayohayo yaliagiza moto. Ngozi ya kwapa ilivutwa kwa vidole, chuma chembamba kilichoiva kikapenyezwa humo hadi upande wa pili, kisha mkono ukafungwa ubavuni mpaka kovu likaze. Ni tiba ya kutisha, lakini ilikuwa na hoja: mwandishi aliwakosoa matabibu waliochoma juu ya bega, kwa kuwa mfupa hutokea upande wa kwapa.

Mwaka 1870 Theodor Kocher wa Uswisi alionyesha kwamba bega hurudi hata bila kuvutwa kwa nguvu: kiwiko kinakunjwa, mkono unazungushwa nje polepole, unainuliwa mbele, kisha unaletwa kifuani. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ikaonyesha mifupa, ila gegedu haikuonekana. Hivyo wapasuaji wengi waliendelea kukaza kifuko cha kiungo wakiamini kimelegea tu.

Georg Perthes wa Ujerumani alikwisha kushona ukingo wa gegedu unaozunguka kikombe mwaka 1906, lakini aliyeutetea mtazamo huo hadi ukakubalika ni Arthur Bankart wa London. Mwaka 1923 aliandika kwamba ukingo huo hubanduka upande wa mbele na haujiungi wenyewe, kwa hiyo dawa ni kuurudisha kwenye mfupa. Mwaka 1938 alitoa taarifa ya wagonjwa 27. Hakuna aliyeteguka tena.

Leo kazi hiyohiyo hufanywa kwa kamera kupitia matundu madogo. Ukingo wa mfupa wenyewe ukiwa umelika sana, kushona gegedu hakutoshi. Hapo hutumika upasuaji ulioelezwa na Michel Latarjet wa Ufaransa mwaka 1954, unaohamisha kipande cha mfupa wa bega hadi mbele ya kikombe na kukikaza kwa skrubu.